Kufuli za Katoni Moja

Kuna watu wakiona mlango umefungwa hupita zao. Bi Kitasa hakuumbwa hivyo. Akiona mlango umefungwa, lazima ajue umefungwa na nani, kwa kufuli gani, na kwa nini leo umefungwa wakati jana ulikuwa wazi. Fundi viatu, aliyekaa naye miaka mingi chini ya ngazi za jengo la soko, wakigawana kivuli kimoja na kugombania kigoda kimoja, alikuwa akimwambia, "Wewe dada yangu, siku ya kufa utamwuliza mtoa roho ameingilia wapi." Naye Bi Kitasa humjibu bila kuinua macho, "Kwani wewe hutataka kujua?"

Kazi ya kutengeneza kufuli na vitasa aliirithi kwa baba yake, na wala hakuna aliyemwambia airithi. Kaka zake walipokuwa mpirani, yeye alikuwa anamshikia mzee tochi kwenye korido za watu waliopoteza funguo. Mzee aliamini ana mtoto mwenye moyo wa kusaidia. Kumbe mtoto alikuwa anasubiri mlango ufunguke aone ndani kuna nini. Na ndani siku zote kulikuwa na mambo yale yale: kitanda, ndoo, viatu vilivyokanyagwa visigino. Hakuchoka kutazama hata hivyo. Mzee alipofariki, meza ikawa ya binti, pamoja na jiriwa, tupa na debe la funguo zisizochongwa. Mwanzoni wateja wanaume walifika wakiuliza fundi yuko wapi. "Amekwenda kunywa chai," aliwaambia, "niachieni tu kufuli." Wakirudi wanakuta kufuli imepona na fundi hajarudi kutoka kwenye chai. Ilichukua muda wakaelewa.

Alipanga chumba nyuma ya soko, kwenye nyumba ndefu yenye safu mbili za milango zinazotazamana, ua wa saruji katikati na bomba moja la maji. Mwenye nyumba alikuwa mtu wa kupenda urahisi. Alipomaliza kujenga alinunua katoni nzima ya kufuli, akagawa moja kwa kila mlango, akabandika na tangazo ukutani: WATOTO WASICHEZE UANI. Bi Kitasa alipopewa yake aliipindua, akaibonyeza, akaipeleka sikioni kana kwamba inampa habari, akairudisha. "Asante baba, mimi nina yangu." Mwenye nyumba alidhani ni maringo.

Basi mwaka mmoja mambo ya ajabu yakaanza. Mke wa mpiga rangi alirudi kutoka kazini akakuta mkate umepungua. Mlango ulikuwa umefungwa vizuri, kufuli mahali pake. Akamgeukia mumewe, mume akaapa kwa kila alichokijua kuapia, wakanuniana siku kadhaa kwa ajili ya vipande vya mkate. Kisha jirani mwingine akakuta kikombe alichokiacha kichafu kimeoshwa na kufunikwa. "Mwizi gani anaosha vyombo?" fundi viatu aliuliza alipopata habari. "Mwelekezeni na kwangu." Wengine walisema ni mashetani. Mwenyekiti wa wapangaji, ambaye akikosa la kusema huwa hakosi methali, alisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja.

Likaja. Televisheni ya mpiga rangi iliondoka mchana kweupe, na kufuli ikaachwa inaning'inia nzima nzima, haina hata alama. Hapo habari za mashetani zikafa, maana shetani ana kazi gani na televisheni. Watu wakaanza kuulizana kwa sauti ya chini nani hapa anajua kufungua kufuli bila kuivunja. Hawakulitaja jina. Ila wanawake waliozoea kupiga soga na Bi Kitasa pale bombani akifika wao huondoka na ndoo nusu.

Ilimuuma. Ingekuwa uongo kusema haikumuuma. Lakini chini ya maumivu kulikuwa na kitu kinamwasha zaidi, nacho ni swali: imefunguliwaje? Akaenda kwa mpiga rangi kuomba ile kufuli. Mpiga rangi alimpa kwa vidole viwili, kama anayetoa panya mtegoni.

Bi Kitasa aliibana kwenye jiriwa, akaifumua, akaichungulia. Waya ukiingizwa kwenye kufuli huacha mikwaruzo. Humu hamkuwa na mkwaruzo. Maana yake ufunguo. Lakini funguo zote mbili wanazo mpiga rangi na mkewe. Akakuna kichwa kwa tupa. Halafu Jumamosi asubuhi, watu wakiwa nyumbani, akatoka uani akaazima ufunguo wa mwenyekiti, akauingiza kwenye kufuli ya mpiga rangi mbele ya kila mtu. Kufuli ikafunguka.

Uani ikawa vurugu tupu. Watu wazima wakakimbiliana na funguo mkononi, huyu anajaribu kwa huyu, yule kwa yule, na kila kufuli ikifunguka watu wanapiga kelele kama wako mpirani. Kicheko kilikatika pale ufunguo wa kijana mseja wa chumba cha mwisho ulipofungua mlango wa mwenyekiti. Mke wa mwenyekiti akamtazama kijana, kijana akatazama saruji, mwenyekiti safari hii akakosa hata methali.

"Katoni moja," Bi Kitasa aliwaambia. "Aliyezitengeneza alizichonga karibu zote meno ya namna moja, akaona yanatosha. Mmekuwa mnalala na milango wazi miaka yote hii."

Walimwomba radhi. Mmoja akamjazia ndoo na kumbebea hadi mlangoni, na Bi Kitasa alikunywa sifa zile kwa raha zote, maana hakuna asiyependa kusafishwa jina. Kwa raha hiyo hakuona mpiga rangi anatazama wapi.

Mpiga rangi alikuwa anatazama bombani. Pale alisimama Kijiti, binti mwembamba wa darasa la saba, mtoto wa mama anayefua mashuka hospitalini. Shingoni ana kamba, na kwenye kamba ufunguo mdogo wa rangi ya shaba, ndugu wa zile zilizokuwa zikipita mkono kwa mkono.

"Hebu," mpiga rangi alisema. "Kwenu si kuna kitasa cha kuchimbiwa mlangoni? Nyinyi hamtumii kufuli. Huo ufunguo ni wa nini?"

Kijiti aliangusha ndoo akakimbia. Hakufika mbali.

Ukweli ulitoka kwa vipande vipande, mtoto akilia na watu wakimzunguka. Mkate ni yeye. Kikombe ni yeye. Siku ya televisheni, mlango aliufungua yeye, ila waliobeba ni vijana wa kwenye meza ya pulu kule nyuma ya soko. Majina yao hakuyataja. Mwenyekiti akatangaza kikao kesho yake alasiri, mama mtu akiwepo, na baada ya kikao wote waende polisi. "Samaki mkunje angali mbichi," alisema. Mtu mmoja akataja shule ya maadilisho, wanakofungiwa watoto wakosaji, na wengi wakatikisa vichwa kukubali.

Bi Kitasa aliingia kwake, akakaa kitandani. Shule hiyo aliijua. Aliwahi kuitwa kule kurekebisha vitasa, na kwa kawaida yake akawa anadadisi kila kitu: kwa nini milango haina mikono upande wa ndani, kwa nini madirisha yako juu vile. Mtoto mmoja aliyekuwa anafagia alisimama kumtazama akihangaika na kitasa kigumu, mwishowe akachomoa kipande cha bati mfukoni akamwonyesha njia ya mkato. Ilikuwa njia nzuri sana. Yeye mwenyewe alikuwa haijui. "Umejifunzia wapi, mwanangu?" alimwuliza. Mtoto akacheka. "Hapa hapa, mama. Nilipoletwa sikujua hata kuchungulia tundu." Miaka ile Bi Kitasa aliisimulia hadithi hiyo sokoni kama kichekesho. Sasa haikumchekesha. Yeye ndiye aliyetaka kujua imefunguliwaje, akajua, na kwa kujua kwake mtoto wa watu anapelekwa huko.

Alichukia ulimi wake, akachukia na macho yake. Lakini mtu hawezi kujivua tabia kama kiatu, na kulipokucha alikuwa na swali jingine. Watu wote wameuliza mtoto amefunguaje. Hakuna aliyeuliza kwa nini mtoto anayeosha vikombe vya watu anaingia vyumbani mwao.

Shule ya mtaani ilikuwa na watoto wengi kuliko madarasa, kwa hiyo wa asubuhi walitoka adhuhuri kuwapisha wa mchana. Jumapili hiyo, jua likiwa utosini, Bi Kitasa alisimama kwenye geti la shule akaanza kutembea kama mtoto aliyetoka darasani, mwenye njaa, ambaye mama yake atarudi jioni. Aliona haya kidogo, mwanamke wa umri wake, lakini akaenda.

Kwanza akafika uani. Siku za kazi ua huo huwa mtupu, na saruji inawaka. Chini ya tangazo la mwenye nyumba hapana hata kivuli cha kuku. Akaenda uwanja wa mpira: umezungushiwa mabati, kuna jengo linakuja. Akaenda sokoni, akajaribu kusimama tu bila kununua kitu, na muuza mitumba ambaye hakumtambua kwa mgongo akasema, "Sogea, sogea, unaziba biashara." Alipogeuka, muuza mitumba akaona haya. "Aa, Bi Kitasa! Nilidhani ni hawa watoto."

"Watoto hukaa wapi, wakifukuzwa hapa?"

"Nitajuaje? Si wana kwao?"

Mahali palipobaki ni pale kwenye meza ya pulu. Pana paa la bati, pana benchi, pana upepo. Akaketi. Hakuna aliyemfukuza. Vijana walimsalimia kwa adabu, mmoja akaondoa miguu benchini, mwingine akamkaribisha soda. Bi Kitasa alishangaa jinsi palivyo pazuri. Kisha likapita kundi la wasichana wenye vikapu, na vijana wale wale wakageuka; maneno waliyoyasema mbele ya mtu mzima yalikuwa machafu, na yale ya nyuma ya mtu mzima akaona heri asiyajue. Kwa mara ya kwanza maishani mwake Bi Kitasa hakutaka kujua jambo. Akainuka, akaondoka.

Kikao kilifanyika uani, watu wamekaa juu ya ndoo zilizopinduliwa. Kijiti alisimama katikati. Mama yake alikaa kando, mikono yake iliyokunjamana kwa sabuni imefichwa kwapani, na alikuwa anaitazama saruji. Mwenyekiti alifungua kwa kusema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Mama mtu akazidi kuinama. Mpiga rangi akasema hana maneno mengi: televisheni yake na sheria, basi.

"Mimi nina swali," Bi Kitasa alisema.

"Lini hukuwa nalo?" mtu alinong'ona, wachache wakacheka.

"Mwanangu, huo ufunguo wa shingoni ulikuwa wa mlango gani?"

"Wa kwetu, bibi," Kijiti alijibu. "Wa kufuli ya zamani."

Mama yake akainua kichwa. "Nilikuwa namwachia," alisema. "Siku moja akaleta wenzake, wakapika, wakasahau moto. Sufuria ikaungua, pazia likashika. Nikasema huyu ataniteketezea watu. Nikamwita Bi Kitasa mwenyewe hapa, nikamwambia niwekee kitasa ambacho mtoto hawezi."

Ni kweli. Bi Kitasa alikumbuka vizuri. Siku ile aliuliza habari ya unene wa mbao, na akauliza mlango unafungukia ndani au nje.

"Na mtoto ulimwambia akae wapi?"

"Uani. Nilijua uani kuna watu."

Watu wakatazamana. Mpiga rangi na mkewe hutoka alfajiri. Mwenyekiti na mkewe huwa dukani. Mseja huwa kwenye ujenzi. Kila mmoja akamtazama mwenzake akitumaini mwenzake ndiye huwa anabaki.

"Nieleze siku ya kwanza," Bi Kitasa alisema.

"Mvua ilinyesha," Kijiti alisema. "Nilijaribu kwetu, nikajaribu mlango mwingine. Nilijaribu tu, bibi. Ukafunguka. Nikajaribu na mingine."

"Yote?"

"Karibu yote. Kwetu ndio haukufunguka."

Mama yake aliziba mdomo kwa kiganja.

"Na ukiingia ulikuwa unafanya nini?"

"Natia komeo kwa ndani. Nakaa. Nikisikia njaa sana ndio nakula kidogo." Alifuta pua kwa mkono. "Wale kaka wa kwenye pulu walikuwa wananiita. Wakiniita nakimbilia ndani. Siku moja wakaniona naingia. Wakasema nifungue kwa mpiga rangi, ama watajifungia humo ndani pamoja na mimi."

Mke wa mpiga rangi akauliza taratibu, "Kwetu ulikuwa unakaa wapi?"

"Chini. Nyuma ya mlango."

"Kochi si lipo?"

"Sketi ilikuwa na vumbi, shangazi. Ningelichafua."

Mpiga rangi alikuwa na rangi iliyokaukia kwenye kucha, na sasa akaanza kuibandua kama ndiyo kazi iliyomleta. Alimaliza ukucha mmoja, akaenda wa pili. Hatimaye akasema, bila kumtazama mtu, "Televisheni nitawadai wale wa kwenye pulu, wanaume wenye ndevu zao. Polisi nitaenda kwa ajili ya hao. Huyu..."

"Huyu ni wa hapa," mkewe akamalizia.

"Na sheria?" mwenyekiti aliuliza. "Tulikubaliana."

"Mlalamikaji ni nani?" mpiga rangi aliuliza. "Ni mimi. Na mimi sijalalamika."

Si wote waliokubali. Mama mmoja wa safu ya pili alibeba ndoo yake akasema leo mkate, kesho ukuta, na mtakuja kunikumbuka. Bi Kitasa hakumbishia. Huenda alikuwa na haki. Mkono ukishazoea kufungua vya watu si rahisi kuuambia acha. Mwenyekiti akasema basi yeye ataenda kwa mwenye nyumba azungumze na tangazo la ukutani liondolewe; ulimi ulimteleza, na watu wakacheka kuliko ilivyostahili, kwa sababu walihitaji kucheka.

Wakati wengine wanajadiliana nani atakuwa nyumbani siku gani mchana, mama wa Kijiti aliinuka. Hakumpiga mtoto, na wengi walitegemea ampige. Alimvua ile kamba ya shingoni akaiweka mapajani mwa mpiga rangi, akamshika mtoto mkono, wakaenda wawili hadi mlangoni kwao. Bi Kitasa akafuata kwa mbali. Hiyo haikuwa siku ya kuanza kujizuia.

Mama alitoa ufunguo mfukoni, mrefu na mzito, akaukandamiza kwenye kiganja cha bintiye.

"Fungua."

Kijiti akauingiza. Akauzungusha, ukagoma. Akauchomoa, akautazama, akauingiza tena. Ukagoma. Kule nyuma vidole vilimwasha Bi Kitasa, maana kitasa kile alikifunga yeye na siri yake aliijua, lakini aliificha mikono mgongoni akauma mdomo. Milango ya ua ule mtoto alikuwa anaijua karibu yote. Huu mmoja hakuwahi kuufungua hata siku moja.

"Mama," Kijiti aliuliza, "wetu unazungushwa upande gani?"